Kuchagua hoteli Israeli: kalenda kwanza, bei baadaye

Kikundi cha mahujaji kutoka Nairobi, Mwanza au Goma kikianza kutafuta hoteli Israeli, swali la kwanza huwa bei ya chumba, na la pili ni umbali wa kwenda Kaburi Takatifu. Maswali hayo yana wakati wake. Katika nchi hii wiki, mabasi, jiko la hoteli na hata lifti hufuata desturi za Kiyahudi. Asiyelijua hilo anaweza kulipia hoteli nzuri kabisa, kisha Jumamosi asubuhi akajikuta hana basi wala duka, na chumba chake bado kina mgeni wa jana. Kwa hiyo tunaanza na kalenda.

Hatua ya kwanza: linganisha tarehe zako na kalenda yao

Sabato huingia Ijumaa jua linapozama na kutoka Jumamosi nyota zinapoonekana, jumla kama saa ishirini na tano. Yerusalemu huwasha mishumaa ya kuikaribisha Sabato mapema kuliko miji mingi, dakika 40 kabla ya jua kuzama. Mwezi Desemba hiyo ni karibu saa kumi alasiri. Mwezi Juni ni kama saa moja na dakika chache jioni. Saa zao za kiangazi ni sawa na zetu za Afrika Mashariki. Majira ya baridi wako nyuma yetu kwa saa moja.

Msabato wa Kisii, Mara au Upare ataona hili ni jambo la nyumbani. Hata yeye, hata hivyo, hajazoea kuona treni za nchi nzima zikisimama, tramu ya mjini ikilala, na shirika la ndege la El Al likiacha kuruka. Uwanja wa ndege wa Ben Gurion wenyewe hubaki wazi siku ya Sabato, na mashirika mengine kama Ethiopian Airlines hutua kama kawaida. Hapo ndipo wengi wanaponaswa: ndege imefika, ila treni ya haraka ya kwenda Yerusalemu haipo, na teksi siku hiyo ina bei ya juu.

Baada ya Sabato, tazama sikukuu. Pasaka ya Kiyahudi hudumu siku saba, nayo haikutani na Pasaka ya Kikristo kila mwaka. Mwaka 2026 zilikutana: yao ilianza jioni ya Aprili 1, na Jumapili ya Pasaka yetu ikawa Aprili 5. Mwaka 2027 zimeachana: Jumapili ya Pasaka ni Machi 28, lakini yao inaanza jioni ya Aprili 21. Mwaka ambao zinakutana, vyumba Yerusalemu hugombaniwa na pande mbili, na bei hupanda ipasavyo.

Msimu wa pili mgumu ni Septemba na Oktoba, sikukuu zinapofuatana: Mwaka Mpya, Siku ya Upatanisho, kisha Sikukuu ya Vibanda. Mwaka 2026 Siku ya Upatanisho inaanza jioni ya Septemba 20, na Vibanda jioni ya Septemba 25. Mwaka 2027 ni jioni ya Oktoba 10 na jioni ya Oktoba 15. Wakati wa Vibanda utaona hoteli zimejenga kibanda cha matawi uani au kwenye baraza, na wageni Wayahudi wanakula humo. Kinapendeza macho, ila ndio msimu ambao Waisraeli wenyewe wanasafiri, na Wakristo kwa maelfu nao wanaingia Yerusalemu. Weka nafasi miezi mingi kabla, au hama msimu.

Siku ya Upatanisho ni habari nyingine kabisa. Uwanja wa ndege hufungwa. Magari hayapiti, watoto huendesha baiskeli kwenye barabara kuu. Mikahawa ya Wayahudi imefungwa, na vituo vya ukaguzi vya kuingia na kutoka Ukingo wa Magharibi hufungwa au kubanwa. Ushauri wangu kwa kikundi ni kutoifanya siku ya kuhama hoteli kwa namna yoyote. Kama imeangukia katikati ya safari yenu, kaeni pale mnapoweza kwenda kwa miguu mpaka mitaa ya Waislamu na Wakristo ya Mji wa Kale, ambako maduka ya Waarabu hayafuati mfungo huo.

Kuna jambo dogo la kila wiki pia. Wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi. Jumapili watu wako kazini. Usiku wa Alhamisi na wa Ijumaa vyumba vya Yerusalemu, Tiberia, Eilat na Bahari ya Chumvi hujaa familia za Kiisraeli, na hoteli nyingi hukataa kuuza usiku mmoja peke yake. Kuanzia Jumapili hadi Jumatano bei hulegea. Julai na Agosti, shule zikiwa zimefungwa, hazilegei hata katikati ya wiki.

Hatua ya pili: amua Sabato utailala wapi

Uamuzi huu ndio mkubwa kuliko yote, na wengi huuacha kwa wakala wa safari bila kuuliza. Kanuni ninayoishika ni hii: usiku wa Ijumaa lala mahali ambapo Jumamosi miguu yako inatosha. Siku za katikati ya wiki, zenye mabasi na bei nafuu, zipeleke Galilaya na Bahari ya Chumvi.

Yerusalemu inafaa sana kwa Sabato, ila inategemea upande. Upande wa magharibi, kuanzia barabara ya Yafa hadi barabara ya King David, hoteli nyingi ni za Kiyahudi na mtaa mzima hunyamaza kuanzia Ijumaa mchana. Soko la Mahane Yehuda huwa na msongamano mkubwa Ijumaa asubuhi, halafu hufunga. Kama unapenda kuona Sabato yenyewe, watu waliovaa vizuri wakitembea kwenda kwenye sinagogi na mji bila honi, upande huu utakufaa. Hakikisha tu umekwisha kununua maji na matunda kabla ya saa nane mchana.

Upande wa mashariki ni tofauti. Barabara ya Salah al-Din, barabara ya Nablus na eneo la Lango la Dameski ni mtaa wa Waarabu. Maduka yako wazi Jumamosi, na mabasi ya Kiarabu yanayotoka karibu na Lango la Dameski yanakwenda Bethlehemu kama siku nyingine. Kwa Mwislamu kutoka Zanzibar au Mombasa anayekwenda kuswali Al-Aqsa, upande huu una faida mbili: chakula halali kila kona, na msikiti unaofikika kwa miguu. Kwa Waanglikana kuna nyumba ya wageni ya Mtakatifu George, kwenye uwanja wa kanisa kuu lao, barabara ya Nablus.

Halafu kuna nyumba za wageni za makanisa ndani ya Mji wa Kale na kwenye milango yake, ambazo kwa maoni yangu ndizo chaguo bora kwa hujaji anayekwenda mara ya kwanza. Nyumba ya Waaustria iliyofunguliwa mwaka 1863 iko kwenye Njia ya Msalaba yenyewe, na paa lake lina mandhari ya mji mzima. Masista wa Ecce Homo wako njia hiyohiyo. Wafransisko wana Casa Nova. Christ Church ipo hatua chache ndani ya Lango la Yafa. Notre Dame, mali ya Vatikani, ipo nje kidogo ya Lango Jipya, kwa hiyo gari linafika mlangoni. Jikoni kwao hakufuati sheria za Kiyahudi, lifti zao ni lifti za kawaida, na unapokewa hata Jumamosi mchana. Kasoro zake ni za aina nyingine. Vichochoro vya Mji wa Kale haviingii gari, basi sanduku lako utalivuta juu ya mawe na ngazi. Mama mwenye magoti mabovu apelekwe Notre Dame, si Njia ya Msalaba. Nyumba nyingine hufunga mlango usiku, kwa hiyo uliza mwisho wa kuingia ni saa ngapi.

Bethlehemu huvutia kwa bei. Iko chini ya Mamlaka ya Palestina, hoteli zake ni nafuu kuliko za Yerusalemu, na Sabato haigusi chochote. Lakini kila asubuhi mtapanga foleni kwenye kituo cha ukaguzi mkirudi Yerusalemu, na raia wa Israeli hawaruhusiwi kisheria kuingia mjini humo, kwa hiyo kiongozi wenu Mwisraeli atabaki nje na mwingine wa Kipalestina atawapokea. Kikundi kinachotaka kuwa Kaburi Takatifu alfajiri kitachoka.

Nazareti ni mji wa Waarabu kwa sehemu kubwa, Wakristo na Waislamu. Jumamosi kuna uhai, ila Jumapili maduka mengi ya Wakristo hufungwa. Tiberia, iliyo kando ya Ziwa Galilaya, ni mji wa Kiyahudi na Jumamosi hukosa mabasi. Kama hamna gari lenu, msijifungie pale usiku wa Ijumaa mkitegemea kufika Kapernaumu kesho yake. Siku za katikati ya wiki, hoteli za kibutzi, yaani vijiji vya ushirika, kandokando ya ziwa zinapendeza kuliko za mjini. Ginosar, kwa mfano, ina jumba linalohifadhi mashua ya kale iliyopatikana kwenye tope la ziwa mwaka 1986, maji yalipokuwa yamepungua, na mgeni wa hoteli anaifikia kwa miguu.

Tel Aviv ni mji uliolegea. Mikahawa mingi haifungi Ijumaa usiku, na tangu Novemba 2019 manispaa yake na majirani zake huendesha mabasi ya bure wakati wa Sabato. Anayekwenda kwa biashara na hataki kukwama, wikendi yake iwe huko.

Hatua ya tatu: lijue jiko kabla ya kuchagua mpango wa chakula

Hoteli ya kosheri, yaani inayofuata sheria za Kiyahudi za chakula, ina cheti kilichotolewa na marabi, kimetundikwa ukutani karibu na mlango wa ukumbi wa chakula, na kina tarehe ya mwisho. Hoteli nyingi kubwa za Kiyahudi zinacho. Maana yake si kukosekana kwa nguruwe na kamba peke yake. Nyama na maziwa havikutani: si kwenye sahani, si kwenye meza, si katika mlo mmoja.

Kifungua kinywa ni mlo wa maziwa, na hapo hoteli za Israeli zimejijengea sifa ya haki. Kuna jibini za kila namna, mtindi, mayai, samaki wa chumvi, zeituni, saladi zilizokatwa laini, mikate ya moto. Nyama hakuna, kwa hiyo soseji usizitafute. Mtu akila vizuri asubuhi, chakula cha mchana anaweza kukiruka, na hapo anaokoa fedha.

Mlo wa jioni kwa kawaida ni wa nyama, na hapo Mkenya na Mtanzania hushangaa. Chai ya maziwa hakuna. Siagi ya mkate hakuna. Aiskrimu iliyopo haina maziwa. Mhudumu akikunyima maziwa hakudharau; angekupa, vyombo vya ukumbi mzima vingeingia matatizoni. Mwenye kutaka chai yake ya maziwa aipikie chumbani, au ajiunge na nyumba ya wageni ya kanisa. Vilevile usiingie ukumbini na chakula chako cha kutoka nje, hata kama ni sambusa ya kuku iliyobaki kwenye mfuko. Utasimamishwa mlangoni.

Usiku wa Ijumaa huwa na karamu: divai, mkate wa kusuka, nyama, watu wanaimba mezani. Bei yake iko juu ya siku nyingine na haiwezi kulipwa papo hapo, kwa sababu Sabato ikishaingia hakuna kuandika wala kushika fedha. Jiandikishe na ulipe kabla ya Ijumaa mchana. Jumamosi hakuna anayewasha moto jikoni. Chakula cha moto ni kilichotunzwa juu ya bamba la joto tangu jana, mara nyingi mchuzi mzito wa nyama, maharage na viazi. Mayai ya kukaangwa unaposubiri hayapo, mashine ya kahawa imezimwa, na maji ya moto yanatoka kwenye birika kubwa lililowashwa kabla ya Sabato.

Wakati wa Pasaka yao hoteli ya kosheri haina mkate, maandazi, tambi wala bia ya shayiri kwa siku saba. Kuna mikate isiyotiwa chachu, mikavu na myembamba. Mtu mzima huvumilia. Mwenye watoto wadogo atafute nyumba isiyo ya kosheri, kwani hata biskuti za mtoto hazitakiwi ukumbini.

Mwislamu anayelala hoteli ya kosheri ana uhakika kuwa nguruwe hayumo jikoni, ila divai imo kwenye meza za jirani, na suala la nyama iliyochinjwa na Myahudi ni la yeye na mashekhe wake. Samaki na mlo wa asubuhi havina mjadala.

Hatua ya nne: maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Swali la kwanza, na lenye uzito kuliko yote: Jumamosi mnapokea wageni saa ngapi? Hoteli nyingi za kosheri huwaruhusu wageni wa Sabato kubaki vyumbani hadi itoke, kwa hiyo chumba chako kinaachwa usiku. Mwezi Juni hiyo ni baada ya saa mbili na nusu, halafu bado kinasafishwa. Kikundi kilichotua asubuhi kutoka Addis Ababa kitakaa sebuleni mchana kutwa na mizigo yake. Ama mfike Ijumaa, ama mlipie na usiku wa Ijumaa, ama mlale kwingine Jumamosi.

Uliza lifti. Lifti ya Sabato hujiendesha yenyewe, inasimama kila ghorofa bila kubonyezwa kitu, maana kuwasha umeme ni miongoni mwa kazi zilizokatazwa. Kwenye jengo la ghorofa kumi na tano hiyo ni safari ndefu. Hoteli nyingi huacha moja ikifanya kazi kawaida. Uliza kama yao imeachwa, na kama wazee mnao, omba ghorofa za chini.

Uliza kama bei inajumlisha kifungua kinywa peke yake au na mlo wa jioni, na kama mlo wa Ijumaa umo. Uliza bwawa: hoteli za watu wa dini kali hutenga saa za wanaume na saa za wanawake, na familia inayotaka kuogelea pamoja haitaweza. Katika hoteli hizohizo vitanda vya chumba cha mke na mume mara nyingi ni viwili vinavyotenganishwa, kwa sababu ya sheria zao za siku za hedhi. Ukitaka kimoja kikubwa, sema mapema.

Tazama pia mtaa. Chumba cha bei nafuu karibu na Mea Shearim, Yerusalemu, au Bnei Brak, karibu na Tel Aviv, maeneo ya Wayahudi wa dini kali, kinaweza kuwa safi kabisa, ila Sabato barabara huzibwa kwa vizuizi, teksi haifiki mlangoni, na mavazi ya kufunika mikono na miguu hutarajiwa kila siku. Mimi nisingelipeleka kundi la vijana huko.

Mwisho wa maswali ni usalama. Tangu Oktoba 2023 nchi imepita vipindi vya vita na makombora. Soma kwanza tahadhari ya wizara ya mambo ya nje ya nchi yako, kisha iulize hoteli chumba cha kujikinga kiko wapi: kila ghorofa, au chini ya jengo? Majengo mapya huwa navyo ghorofani. Nyumba za kale za Mji wa Kale hutegemea kuta zao na vyumba vya chini.

Hatua ya tano: fedha

Kodi ya ongezeko la thamani Israeli ni asilimia 18 tangu Januari 2025, na mtalii wa kigeni amekuwa akisamehewa kodi hiyo kwenye malazi. Ushahidi wako ni pasipoti na kikaratasi kidogo unachopewa uwanja wa ndege badala ya muhuri. Watu hukitupa wakidhani ni risiti. Kitunze ndani ya pasipoti. Hotelini watakitaka, na kwenye vituo vya ukaguzi pia. Ukilinganisha bei mbili, hakikisha zote hazina kodi au zote zinayo, vinginevyo hoteli ya ghali itaonekana rahisi.

Hatua ya sita: ukishafika

Kwenye mwimo wa mlango wa chumba utaona kikasha chembamba kilichopigiliwa kwa mshazari. Ni mezuza, ndani yake mna maandiko, usikichokoe. Kikombe chenye mikono miwili karibu na sinki la ukumbi wa chakula ni cha kunawa kabla ya mkate, si cha kunywea. Ijumaa usiku, kwenye ukumbi wa hoteli ya Wayahudi wa dini, acha simu chumbani, na usipige picha za meza za watu wakiimba hata kama wimbo ni mtamu. Kwenye Ukuta wa Magharibi picha hazipigwi Sabato.

Ndege ya Jumamosi usiku inahitaji hesabu yake. Treni na mabasi havirudi dakika ile Sabato inapotoka, na kiangazi Sabato hutoka karibu saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo agizeni gari mapema. Mipango hiyo, pamoja na kuthibitisha vyumba, malizeni Alhamisi. Barua pepe mliyoituma Ijumaa mchana mtajibiwa Jumapili.